Kawase Hasui na Theluji ya Zojoji

Picha za mandhari za Kawase Hasui (1883–1957), mzaliwa wa Tokyo, ni kazi ya mikono mingi: yeye alichora, fundi mmoja akachonga mbao, mwingine akapiga chapa, na Watanabe Shozaburo akazitoa. Moto uliofuata tetemeko la ardhi la mwaka 1923 uliteketeza madaftari ya mchoraji pamoja na mbao za Watanabe. Wako wasemao kwamba picha zake ni tulivu mno, kana kwamba hakuuona msiba. Sivyo. Katika picha ya hekalu la Zojoji, ya mwaka 1925, mwanamke auinamisha mwavuli kujikinga na theluji. Nyuma yake lango jekundu, lililojengwa mwaka 1622, lingali limesimama. Utulivu huo si usahaulifu, bali ni subira.