Mbiti, mihogo, na mutoto mwenye hakupata jina

Kuko kitabu kimoja chenye kila mutu mwenye alipita ku filozofia ao ku seminari anakitaja, na siye wa agronomi tunasikia tu jina lake mu mabishano ya usiku. Ni kitabu cha John Mbiti, kile cha 1969, chenye kwa Kifaransa kinaitwa Religions et philosophie africaines. Rafiki yangu mmoja mwenye aliacha seminari alinipatia fotokopi, kurasa zingine zimefutika kabisa. Niliimaliza hapa Pweto mu musimu wa mvua, wakati barabara ya Lubumbashi ilikuwa matope matupu na sikukuwa na fasi ya kwenda.

Nataka kusema kwenye kitabu hiki kilinigusa na kwenye kilinikasirisha. Juu kinazungumuzia jambo lenye siye wote tunakimbia mpaka siku ya kilio: mutu akikufa anaenda wapi, na maisha yenye aliishi hapa yalikuwa ya nini.

Mbiti alikuwa Mukamba wa Kenya, alizaliwa 1931 ku Kitui, padri wa Anglikana, mwalimu ku Makerere miaka mingi, na alikufa 2019 ku Uswisi. Alitaka kueleza wakati vile Mwafrika anauona, na aliona kama maneno ya Kizungu yatamupoteza. Njo akachagua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Minakubali, kusoma lugha ya mama yangu katikati ya kitabu cha maprofesa kulinifurahisha. Sasa, kwake, haiko tu dakika hii. Ni wakati wote wenye mutu anauishi yeye mwenyewe: yale yenye alipitia, yale yenye anafanya, na kipande kidogo cha kesho. Zamani ni shimo kubwa la nyuma, kwenye kila kitu kinaishia kuingia.

Mutu akikufa, Mbiti anasema, hatoke mu Sasa mara moja. Wenye walimujua wako, wanamutaja kwa jina, wanamuota, wanamuogopa kidogo. Ni mufu lakini iko muzima. Anaendelea hivyo mpaka siku mutu wa mwisho mwenye alimujua naye anakufa. Hapo njo jina linazimika, na ule mufu anazama mu Zamani pamoja na pepo zenye hakuna mutu anaziita. Kwa Mbiti, uzima wa kisha kifo unashikwa na midomo ya wazima.

Fasi hii sina ubishi mukubwa. Dada yangu alizaa mutoto mwanamuke na wakamupatia jina la nkambo yetu, mama ya mama yangu. Ule mutoto ni mutundu sana. Alishamwanga unga, alishapoteza simu ya mama mu maji ya Moero, lakini mama hamupigi hata siku moja. Ukimuuliza, anakujibu: «Nitamupiga namna gani mama yangu?» Haiko mchezo. Anamwita mama, anamupatia kipande cha samaki chenye nkambo alikuwa anapenda, cha kichwa. Kama unataka kuelewa ukurasa wa Mbiti juu ya wafu wenye kuishi, kuja ukae ku meza yetu siku moja.

Lakini kisha hapo Mbiti anafanya kitu chenye mutu wa shamba hawezi kuacha kipite. Anasema kama Mwafrika wa zamani hana kesho ya mbali. Kesho yake inafika miezi sita, ikizidi sana miaka miwili, kisha hapo ni giza. Na ushahidi wake ni nini? Ni sarufi. Alichukua verbe za Kikamba na za Kikikuyu, akapanga nyakati zake mu tablo, akaona kama hakuna wakati wenye unapita ile miaka miwili. Kutoka hapo akaruka mpaka bara zima.

Kwanza, kama unaazima maneno ya Kiswahili, uulize basi Kiswahili chenyewe. Siye tuko na -ta- moja tu. «Nitakuja kesho» na «Yesu atarudi» ni -ta- ile ile. Hakuna mutu mwenye alishachanganya zile siku mbili. Ku pwani, wenye lugha, wako na kesho, kesho kutwa, mtondo, na mtondogoo, kila siku na jina lake. Zaidi ya hapo, «zamani» lenyewe ni neno lenye lilitoka ku Kiarabu, na Waislamu wa pwani wamekuwa wakisema juu ya kiyama na ahera karne nyingi mbele ya Mbiti kuzaliwa. Aliazima nusu ya nyumba, akaacha nusu ingine yenye ilikuwa na dirisha la kuangalia mbele.

Kuko wenye walimupinga mbele yangu, na kwa elimu kubwa. Kwame Gyekye wa Ghana alionyesha kama mu lugha yake, Kiakan, kesho ya mbali iko na maneno yake wazi. Mimi sina lugha ya maprofesa, niko na jembe. Njo minaleta jembe.

Miaka miwili ya Mbiti, unajua ni nini? Ni mihogo. Kweli. Mu mashamba yetu muhogo unakaa mu udongo mwaka mumoja na nusu, wakati mwingine miwili, na unaweza kuuacha pale sawa benki, unachimbua yenye unahitaji. Kama Mbiti angesimama ku shamba la mihogo na kuishia pale, angekuwa na haki. Lakini karibu na ile mihogo kuko shamba lenye limeachwa lipumuzike. Mu miombo yetu, kisha kukata miti na kuchoma na kulima miaka michache, udongo unachoka, na mutu anahama. Ili msitu urudi vizuri unahitaji miaka 15, 20, zaidi. Mzee mwenye anaacha shamba leo anajua kabisa ni nani atarudi kulifungua: haiko yeye. Anaonyesha mutoto mupaka, «huku mutarudia, kule musiguse bado». Hakuna wakati wa verbe wa miaka 20. Kuko muguu wa mzee unapita ku mupaka, na mutoto nyuma yake.

(Wenzangu wa agronomi, munajua vile tulifundishwa kuita ile njia ya kulima «ya kizamani», yenye kuharibu. Kwa watu wengi ku udongo kidogo, ni kweli, inaharibu. Lakini mutu mwenye anahesabu miaka 20 ya msitu kurudi, sitamwita mutu bila kesho.)

Sasa niseme kwenye Mbiti alinishinda, juu kusoma kitabu ili tu ukipige haina maana. Anasema kama wamisionere walileta kesho moja ndefu sana, mwisho wa dunia na mbingu, na watu wetu waliikamata kwa nguvu mpaka wengine waliacha kupigana na taabu za hapa. Wanangojea tu. Hapo alikuwa anaandika juu yetu.

Miaka miwili imepita, nilikuwa na kazi ndogo ya kugawa miche ya ngazi mu migini ya kando ya ziwa. Ngazi inaanza kuzaa mwaka wa tatu ao wa ine, na ukiitunza inaweza kukulisha miaka 25. Baba mumoja, watoto wanane, shamba zuri, udongo mweusi wenye unatamani kuula, alikataa. Aliniambia kwa upole, sawa mutu mwenye anamuhurumia muchanga: «Bwana agronomu, dunia iko inaisha. Hii mafuta nitakamulia nani?» Ku kanisa lake walikuwa wameambiwa kama ni siku kidogo tu. Nilimwonyesha watoto wake wanane. Akasema nao pia watanyakuliwa. Jirani yake, mama mzee mujane, alibeba miche kumi. Nilimuuliza kama ataikula kweli, na umri wake. Alicheka: «Mimi? Hapana. Lakini mutu atakula.»

Nilifikiri sana juu ya wale wawili. Kwa Mbiti, ule baba njo mwenye alipata kesho ya kisasa, ile ndefu, na mama mzee njo mwenye alibaki mu Sasa. Ku shamba ilikuwa kinyume. Yule mwenye mbingu mu kinywa hakukuwa na hata miaka mine ya kupatia udongo. Sisemi kama kuamini mbingu kunaua shamba, minajua wakatolike na waprotestanti wengi wenye wanapanda miti na kuamini ufufuo bila shida. Minasema tu kama kipimo cha Mbiti, cha kuhesabu kesho kwa urefu, hakipime kitu chenye kiko na maana. Mama mzee hakuhesabu miaka. Alisema «mutu», bila jina, bila hata kusema mutoto wangu.

Na hapo tunafika ku fasi yenye ilinikasirisha kweli.

Kama wafu wanaishi mu midomo ya wenye walizaa, mutu mwenye hakuzaa anakufa mara mbili. Mbiti anaandika hivyo bila kuficha: ndoa na watoto njo dawa ya kusahauliwa, na kukosa watoto ni msiba kuliko kifo. Anaeleza tu, haamuru. Lakini anaeleza sawa mutu mwenye anapima mvua, na hasimame hata kidogo kuuliza ile sheria inafanya nini kwa wenye inaangukia. Siye wa umri huu tunaijua. Uko na miaka 28, lisansi iko mu karatasi ya plastiki, kazi hakuna, mahari hakuna, na ku kila kilio mjomba anakuuliza: «Na weye, utaacha nani?»

Mu Katanga yetu watu walishajaribu kutoka mu ile sheria. Padri Placide Tempels, Mubeleji wa shirika la Wafransisko, ule wa kitabu La philosophie bantoue cha 1945, alianzisha ku Kolwezi, kuanzia 1953, pamoja na wafanyakazi wa mine na bibi zao, kikundi chenye kilijiita Jamaa. Mafundisho yao yalikuwa kwa Kiswahili chetu hiki, na yalisimama ku maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Uzazi wao haukukuwa wa tumbo peke yake. Bwana na bibi waliweza kuzaa wengine mu mawazo, na wale wenye walizaliwa hivyo waliwaita baba na mama kabisa. Minaona kama ilikuwa jibu kubwa kuliko la Mbiti, na lilikuja mbele yake. Hata hivyo ku Jamaa ulipaswa kuingia wawili, bwana na bibi. Kijana mwenye hana bibi alibaki ku mulango, anasikia nyimbo.

Nitasema sasa sababu gani jambo hili linanishika. Mwezi wa 12 mwaka wa 2000, wakati Pweto ilianguka mu mikono ya RCD na jeshi la Rwanda, watu maelfu walikimbilia Zambia. Nilikuwa na miaka tatu, sikumbuke kitu, labda tu mugongo wa dada yangu mukubwa. Mama alikuwa na mimba. Alizaa mu njia, ngambo ya mupaka, mutoto mwanamuke, na ule mutoto aliishi siku ine. Walimuzika pembeni ya njia yenye hakuna hata mumoja wetu anaweza kuipata leo. Hakukuwa amepata jina. Walikuwa wanangojea wafike fasi watapumuzika, wamupatie muzuri.

Chukua tablo ya Mbiti, utafute ule mutoto. Hakuna jina la kutaja. Hakuzaa. Haonekane mu ndoto ya mutu, mama anasema hata uso wake umeondoka. Kwa ile hesabu alizama mu Zamani siku ile ile, mbele hata jua liingie.

Lakini muulize mama yangu iko na watoto wangapi. Atakujibu saba. Siye tuko sita. Muulize kesho, muulize mbele ya padri, muulize mbele ya mukubwa wa mutaa: saba. Wakati nilikuwa mudogo nilikuwa ninamusahihisha, «Mama, tuko sita», na alikuwa ananiangalia bila kukasirika, anaendelea kuchambua maharagwe. Haombi juu yake, haongee juu yake, hamwage kitu chini. Anahesabu tu. Na mimi sijui kama ile ni imani ya Kikristo, kwa sababu yeye ni mukatolike wa kila asubui, ao kama ni ya bankambo, na minafikiri kama ningemuuliza angesema niache upumbafu.

Mbiti alikufa bila kukutana na mama yangu, hiyo haiko kosa lake. Kosa ni kufikiri kama mufu anashikwa na jina tu.

Mwezi uliopita nilijaza fomu ya kuomba kazi. Kulikuwa fasi ya kuandika idadi ya wandugu wa tumbo moja. Niliandika 5, nikaifuta, nikaandika 6. Kijana wa ku mapokezi aliangalia ile karatasi yenye ilifutwa, akaniuliza kama nina hakika.

«Ndiyo,» nilimwambia. «Siye ni saba.»