Mzaha usiue uzito wa kisa cha Liyongo

SWALI la toni huwasumbua watunzi chipukizi kuliko hata swali la msuko. Nimelikuta tena katika rasimu ya mchezo ambao wanafunzi kadhaa wa chuo kikuu wameutunga kwa Kiswahili kutokana na kisa cha Fumo Liyongo, wakaniomba niuhakiki.

Si tamthilia ya jukwaani. Ni mchezo wa mezani: watu wanne au watano huketi pamoja, kila mmoja akitwaa mhusika wake, mmoja akiwa msimulizi, na dadu huamua nani afaulu na nani akwame. Utanzu huu ulipata umaarufu baada ya Gary Gygax na Dave Arneson kutoa Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka wa 1974.

Watunzi wetu hawajaamua kama wanataka tanzia au ramsa. Ukurasa mmoja Liyongo yumo gerezani akisubiri kuuawa. Ukurasa unaofuata, msimulizi mwenyewe anapiga porojo kwa Sheng kuhusu askari na chapati zao. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba vijana hupenda kucheka. Ni kweli, lakini hoja hiyo haitoshi.

Hebu tutazame kisa chenyewe. Maadui wa Liyongo walipanga kula makoma kwa zamu ya kuukwea mkoma, ili wampige mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika hakupanda. Aliyaangusha kwa mshale kutoka chini. Hapo msikilizaji hucheka. Hucheka pia walinzi wanapoudharau mkate wa wishwa alioletewa na kijakazi Saada, kumbe ndani mna tupa.

Lakini mwanawe anapomdunga sindano ya shaba kitovuni, kicheko hukatika. Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anavuta upinde na kufia papo hapo. Watu wanaogopa kuteka maji wakidhani angali hai. Kifo hicho kinauma kwa sababu tumekwisha kumpenda mjanja yule wa makoma. Si ajabu kwamba Kithaka wa Mberia, katika tamthilia yake inayokumbusha kisa hiki, alikiweka kifo na kisima katika anwani yenyewe: Kifo Kisimani.

Kwa hivyo, tatizo la rasimu si ucheshi. Tatizo ni kuutia ucheshi kinywani mwa msimulizi. Wachezaji watachekeshana wenyewe. Dadu ikikataa, shujaa akajikwaa mlangoni pa gereza, meza nzima itaangua kicheko bila kuombwa. Kichekesho kilichoandikwa husomwa mara moja, mara ya pili kimechuja. Uzito ndio usiojileta. Huo lazima mtunzi aulinde.

Isitoshe, toni haikai katika maneno peke yake. Hukaa katika kanuni pia. Paranoia, mchezo wa mwaka wa 1984, huchekesha kwa kuwa kila mhusika ana nakala sita: mmoja akifa, mwingine anaingia. Call of Cthulhu, wa mwaka wa 1981, hutisha kwa kuwa mhusika anayekumbana na mambo ya kutisha hupoteza alama za akili timamu. Rasimu ya wanafunzi hawa inasema anayekufa atarudi raundi ijayo. Basi kifo cha kisimani kitamuuma nani?

Pendekezo langu ni hili. Msimulizi atumie Kiswahili sanifu kilichotulia. Utani, hata wa Sheng, waachiwe askari na wapambe. Anayekufa asirudi. Tena, mchezaji anayetwaa nafasi ya mwana wa Liyongo aahidiwe binti ya mfalme kama ilivyo katika kisa, kisha aachwe aamue mwenyewe kama atamsaliti babaye. Hapo hakuna dadu itakayomsitiri.

Huenda kwa vijana wengi meza hiyo ikawa mahali pao pa kwanza kukutana na Liyongo. Wacheke, naam, lakini wakifika kisimani wanyamaze.