Polisi Walilazimika

Jioni ya Juni 25, 2024 nilikuwa kwenye hoteli moja hapa Bisil, naangalia habari za saa moja na chai na ndazi moja. Kwa wasiojua, Bisil ni mbele ya Kajiado ukielekea Namanga. Kikiumana Kitengela, sisi huku tunajua kwa malori kuchelewa. Siku hiyo hoteli ilijaa kuliko siku ya soko. Madereva walitaka kujua Kitengela kunapitika ama hakupitiki. Kwa runinga, moshi ulikuwa unatoka Bungeni na vijana wa rika langu walikuwa wameingia ndani.

Halafu, baada ya matangazo ya biashara, ikaja habari nyingine: kundi la kwanza la polisi wa Kenya limetua Port-au-Prince, Haiti.

Siku moja, taarifa moja ya habari, na mtangazaji alizisoma kana kwamba ni za nchi mbili tofauti. Yeyo mwenye hoteli ndiye aliyeziunganisha. Aliuliza huku akifuta meza, bila hata kutazama runinga: "Kwa hivyo wale wa kuleta amani wameenda, na hawa ndio tumeachiwa?" Watu wakacheka. Nimesoma uchambuzi mwingi wa siku ile tangu wakati huo na bado narudi kwa hilo swali lake.

Safari ya Haiti serikali iliita ujumbe wa usalama. Mimi naiita vita. Mtu akibeba bunduki avuke bahari kwenda kupigana na watu wengine wenye bunduki, sijui neno lingine. Na si kwamba hakuna aliyepinga. Bunge liliidhinisha Novemba 2023, lakini Ekuru Aukot na wenzake walikuwa tayari mahakamani, na Januari 26, 2024 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kutuma polisi nje ya nchi. Serikali ikazunguka, ikatia sahihi mkataba na Haiti Machi 1, ikaendelea. Upinzani ulikuwepo. Ila kwenye habari uliishi kama kesi, kitu cha mawakili na makaratasi. Ulipofika barabarani ukapotea kabisa.

Nasema ulifika barabarani kwa sababu niliuona. Rafiki yangu wa Kitengela alibeba kadibodi aliyoandika kwa makaa: AMANI YA HAITI, RISASI YA HAPA. Anasema kamera ilimpita mara tatu. Kilichoonyeshwa usiku ni kijana mwenye tairi.

Watu husema vyombo vya habari vimenunuliwa. Labda, sijui bei. Mimi shida yangu ni ndogo zaidi, iko kwa kitenzi. Sikiliza Kiswahili cha habari zetu siku ya maandamano. Hali ya mshikemshike *ilishuhudiwa*. Shughuli za uchukuzi *zilitatizika*. Polisi *walilazimika* kutumia vitoa machozi. Watu wawili *walifariki* kwa majeraha ya risasi. Hebu tafuta mtendaji hapo. Mshikemshike umekuja kama mvua. Risasi haina mwenyewe. Na polisi, mtu wa pekee mwenye bunduki katika hiyo stori yote, ndiye amelazimishwa! Nani alimlazimisha? Kijana mwenye tairi, kwa sababu ndiye yuko kwenye picha.

Sasa sikiliza habari ya Haiti jioni hiyo hiyo. Polisi wetu *wametua*. *Watakabiliana* na magenge. *Watarejesha* utulivu. Hapo wana mikono, wana nia, wana "wetu". Mwalimu wangu wa Kiswahili kidato cha tatu alitufundisha kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa kwa wiki mbili nzima na hakuna aliyetuambia ni jambo la uhai na kifo.

Na nisijifanye. Baada ya kuacha chuo mwaka wa pili (karo, na uvivu kidogo, wacha tuseme ukweli) nimekuwa nikitumia vyumba vya habari stori za huku, nikilipwa kwa kila inayochapishwa. Julai ile nilituma stori ya Kitengela, aya nane. Ndani yake kulikuwa na mama mmoja ambaye mtoto wake ni polisi. Alikuwa anaogopa mambo mawili: mtoto wake atumwe Haiti, ama abaki hapa aambiwe awapige watoto wa majirani. Nilidhani hiyo ndiyo stori. Mhariri akanipigia kuuliza idadi ya maduka yaliyofungwa na kama barabara imefunguliwa. Zikatoka aya mbili. Mama hakuwemo. Lakini nilipoangalia nakala niliyotuma mwenyewe, kabla ya mhariri kuigusa, aya ya tatu ilikuwa na neno "walilazimika". Niliandika mimi. Hakuna aliyeniambia niandike. Linakuja lenyewe, kama "hatimaye" na "vilevile".

Kitabu pekee nilichokimaliza chuoni ni cha Todd Gitlin, The Whole World Is Watching, cha 1980, kuhusu jinsi CBS na New York Times walivyowaonyesha wanafunzi wa Marekani waliopinga vita vya Vietnam. Nilidhani ni historia ya wazee. Ukisoma unakuta mambo ya Moi Avenue: hoja yao inafanywa ya kitoto, idadi yao inapunguzwa, kamera inamtafuta aliyevaa ovyo. Hata miaka mingi baadaye hawakuwa wamepona. Oktoba 2002 watu waliandamana Washington kupinga vita vya Iraq. New York Times ikaripoti kwamba walijitokeza wachache kuliko waandalizi walivyotarajia. Siku chache baadaye gazeti hilo hilo likaandika tena, safari hii likisema walikuwa kati ya 100,000 na 200,000. Miezi mitano baadaye mabomu yakaanza kuanguka Baghdad. Sisemi idadi sahihi ingezuia vita. Nasema mtu aliyesoma gazeti Jumapili ile alidhani yuko peke yake.

Sisi hatujawahi hata kufika hapo pa kuhesabiwa vibaya. Wanajeshi wa Kenya walipoingia Somalia Oktoba 2011 nilikuwa darasa la tano, na ninachokumbuka kwa runinga ni ramani zenye mishale na majina ya miji tunayoelekea kuiteka, kama ratiba ya kombe. Mwezi uliofuata msemaji wa jeshi, Meja Emmanuel Chirchir, akaandika kwenye Twitter kwamba punda wengi waliobeba mizigo wakionekana pamoja watachukuliwa kuwa kazi ya Al-Shabaab. Nchi nzima ikacheka. Hapa Bisil punda ndio huleta maji. Mzee jirani yetu alisikia kwa redio akaniuliza, mimi mtoto wa shule: "Na mwenye punda ameulizwa?" Hakuna ripota aliyeuliza. Swali la kupinga vita huanza hivyo, dogo kabisa, la mwenye punda, na kwa habari lilipita kama kichekesho. Ilipofika Januari 2016, kambi ya El Adde ikashambuliwa, serikali haikututajia idadi ya wanajeshi waliokufa. Makadirio ya angalau 141 tuliyapata kwa CNN. Mwanahabari Yassin Juma alikamatwa kwa aliyoandika mtandaoni kuhusu shambulio hilo.

Kuna kazi nzuri, lazima niseme. Aprili 2025 BBC Africa Eye walitoa Blood Parliament, filamu kuhusu waliouawa nje ya Bunge siku ile. Walichukua maelfu ya picha na video za watu wa kawaida, wakazipanga kwa sekunde, wakauliza swali ambalo habari za saa moja hazikuuliza: nani alifyatua? Ukiitazama unaona kauli ya kutenda ikirudi. Polisi alilenga. Polisi alifyatua. Ilipangwa kuonyeshwa kwenye sinema Nairobi, onyesho likafutwa. Lalamiko langu ni kwamba hata filamu hiyo inaishia kwenye lango la Bunge. Ndege ya Haiti haimo.

Na stesheni zetu pia, kuna kitu walifanya vizuri bila kukusudia: walionyesha moja kwa moja. Matangazo ya moja kwa moja hayana kitenzi. Hakuna mtu amepata nafasi ya kuandika "walilazimika". Unaona mkono na bunduki, basi. Nafikiri ndiyo maana Juni 25, 2025, kumbukumbu ya mwaka mmoja, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza matangazo hayo yakome, na NTV, KTN na K24 zikazimwa hewani. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo. Mimi nilikuwa hotelini tena, runinga imekuwa nyeusi, watu wote wameinamia TikTok na bando za shilingi ishirini.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Februari. Februari 23, 2025, polisi wa kwanza wa Kenya aliuawa Haiti. Alikuwa na miaka 28, na alikuwa mtoto wa Kajiado, kaunti yetu hii. Ghafla tukawa habari. Kamera zilipita barabara hii hii ambayo huonyeshwa tu ikifungwa. Nilifuatilia taarifa nyingi nilivyoweza, na ziliandikwa kwa heshima, sina neno. Zilieleza kijana alikuwa nani na familia imepoteza nini. Shujaa. Jukumu la kimataifa. Jaji Mwita na uamuzi wake wa mwaka uliotangulia sikumsikia akitajwa katika hata moja niliyoitazama, wala mtu yeyote aliyesema mapema kwamba wasiende.

Yeyo wa hoteli aliongeza sauti, akasikiliza mpaka mwisho, akaipunguza. Kisha akanigeukia. "Si wewe ndiye unaandika? Wamesema ameuawa na genge. Haya. Aliyemtuma ni nani?"

Niliandika usiku huo, aya sita. Nikatafuta neno "walilazimika" kwa simu, halikuwemo. Nikatuma. Wakajibu asubuhi kwamba wanaomba picha za ng'ombe nyumbani kwao.