Baiti ya Mwisho

Mwaka jana flashi iliniambia kazi imekamilika. Nilikuwa nimenakili mahojiano ya tasnifu yangu ya uzamili, nikaichomoa, nikafuta rekodi zilizokuwa kwenye simu. Nilipofungua nyumbani, faili tatu zilikuwa na majina tu, hazina sauti. Tangu siku hiyo nina mashaka na mashine inaposema "tayari", na mashaka hayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye kiraka kimoja cha Linux cha mwaka 2024. Nimekisoma kama ninavyosoma insha.

Kiraka hicho kinarekebisha draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na diski, kwa ajili ya Macintosh za zamani kama SE/30 ya mwaka 1989. Diski za asili za mashine hizo zinakufa, na wanaozitunza huweka mahali pake kifaa cha kadi ya SD kinachojifanya diski. Hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Humo ndani prosesa yenyewe hubeba data baiti kwa baiti, na saketi huisubirisha mpaka diski iwe tayari kupokea. Kadi ya SD mara nyingine hukwama ikiandika, kwa muda wa kama milisekunde 100. Kwetu ni kufumba na kufumbua. Kwa prosesa ya megahezi 16 ni mizunguko zaidi ya milioni moja na nusu. Saketi huchoka kusubiri, hupiga yowe la hitilafu, na hesabu huvurugika. Baiti ya mwisho ilifika, au iliishia mlangoni? Zamani draiva iliitazama alama moja ndani ya chipu inayosema kama baiti hiyo imetumwa, ikaliamini jibu. Kiraka kinaeleza kwamba kwenye baadhi ya mashine alama hiyo haitegemeki. Kwa hiyo draiva iache kubahatisha: hitilafu ikitokea katikati ya kuandika, isipokuwa diski yenyewe ndiyo imebadili hatua ya mazungumzo, itangaze kosa.

Maelezo yote ni sentensi chache, kavu kama dagaa, na yana ujasiri ambao insha zetu nyingi hazina. Sisi tunaoandika mambo ya kweli tuna alama zetu za namna hiyo: shangazi anayekumbuka kila kitu, picha yenye tarehe nyuma. Tunaziamini kwa sababu zinaturuhusu kuendelea na aya inayofuata. (Nami nimo.)

Kinachoniudhi ni watu kukosekana. Aliyejaribu kiraka ameachiwa mstari mmoja wenye jina lake. Rafiki yangu wa sayansi ya kompyuta ananicheka, eti ujumbe wa kiraka si riwaya. Sawa. Ila hitilafu ya mara mojamoja haiji kwa kuitwa. Lazima mtu aandike, asome alichoandika, alinganishe, aanze tena. Ningetaka sentensi moja tu ya kungoja huko.

Draiva ikitangaza kosa, mfumo hurudia kuandika, na data ni ileile. Mimi nilimrudia bibi mmoja kati ya wale watatu. Alinipokea vizuri, akasimulia upya kwa saa nzima. Safari hii hakumtaja mumewe hata mara moja.