Kahawa Haisubiri Septemba

Kila mwaka ikifika Septemba, kampuni ya Apple huonyesha simu zake mpya. Kwao California huwa saa nne asubuhi. Kwetu Dar es Salaam ni saa mbili usiku, saa ileile ambayo kijiwe chetu cha kahawa kinachangamka. Kwa miaka kadhaa nimehudhuria vyote viwili kwa mpigo: nimekaa kwenye benchi, kikombe mkononi, sikio moja kwa wazee wanaobishana kuhusu Simba na Yanga, jingine limezibwa na spika ya masikioni. Nakiri kwamba napenda maonyesho haya kama wengine wanavyopenda tamthilia za Kituruki.

Basi niyahakiki kama tamthilia. Mhusika mkuu ni kifaa, na hana kasoro hata moja. Mgogoro ni tatizo ambalo dakika tano kabla hatukujua kama tunalo. Lugha yote ni ya wakati ujao: kitakujua, kitakukumbusha, kitakuokolea muda. Sehemu inayokosekana daima ni ile ya baadaye, betri ikiwa imechoka, kioo kimepasuka na deni halijaisha.

Mfano mzuri ni AI Pin ya kampuni ya Humane. Ilianza kuwafikia wanunuzi Aprili 2024: kifaa cha kubana kifuani, hakina skrini, unazungumza nacho nacho kinakujibu kwa akili mnemba, na maandishi kinayamulika kwenye kiganja chako. Bei ilikuwa dola 699, yapata shilingi milioni 1.8, pamoja na ada ya dola 24 kila mwezi. Ahadi yake ilikuwa tamu: tuinue macho kutoka kwenye simu. Februari 2025 kampuni ya HP ikanunua sehemu kubwa ya mali za Humane kwa dola milioni 116, na tarehe 28 mwezi huohuo huduma ikazimwa. Hata mwaka haukutimia, kifaa kikabaki pambo la koti.

Sisemi kwamba kila uvumbuzi ni ulaghai. Kamera ya kwanza kurusha picha mtandaoni ilizaliwa kwa sababu ya kahawa. Mwaka 1991, watafiti wa maabara ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge walichoka kutembea hadi kwenye birika na kulikuta tupu. Wakalielekezea kamera, picha isiyo na rangi ikawa inaonekana kwenye kompyuta zao. Mwaka 1993 picha hiyo ikaingia kwenye intaneti, na dunia nzima ikalitazama birika la watu wengine hadi 2001. Hapo shida ilitangulia, kifaa kikafuata. Wenyewe hawakuahidi kubadilisha maisha ya mtu. Walitaka kujua tu: kahawa ipo?

Kijiweni kwetu swali hilo hujibiwa kwa mlio wa vikombe. Mzee wetu huvigonganisha mkononi kabla hajaweka dele lake chini, na aliye ndani hutoka. Kahawa ni chungu, kashata ni ya karanga, kikombe ni shilingi mia mbili. Hakijawahi kutoka toleo jipya.

Septemba moja nilikuwa natazama uzinduzi kwa simu niliyoichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku. Mshahara ulikuwa umechelewa, nami nilikuwa nimeruka siku kadhaa. Katikati ya maonyesho skrini ikajifunga, ikabaki namba ya kulipia tu. Mzee aliniona nikiigeuzageuza.

"Wamekufungia, mwanangu?"

"Wamenifungia, mzee."

"Kunywa kahawa. Utanipa ukipata."

Hapo ningeweza kumaliza makala haya, nikamsifu mzee na kulaani simu, wasomaji tukapigiana makofi. Lakini mzee naye ni mdai. Siku ya nne alinikumbusha mbele ya baraza zima: "Mwanangu, vikombe sita." Niliona aibu kuliko nilivyoona kwa simu. Tofauti ni kwamba yeye alijua mshahara umechelewa, na alipodai hakunizuia kuzungumza na mama yangu. Mkopeshaji wa simu alinifungia mdomo ili nilipe.

Nilimsimulia dada yangu kisa hiki nikitegemea atakubaliana nami. Alicheka, kisha akauliza, "Na mimi ningekaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Kijiweni kwetu mwanamke hununua na kuondoka. Kwa miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuliona hilo kama kasoro, kwa sababu mimi nilikuwa na nafasi kwenye benchi. Baraza la dada yangu ni kikundi cha WhatsApp cha wanawake aliosoma nao. Humo wamechangiana mahari, misiba na ada za watoto, yeye akiwa jikoni usiku na kahawa yake ya kopo. Simu yake ni ya zamani, kioo kina ufa. Katika uzinduzi wote nilioutazama, sijawahi kusikia kifaa kikisifiwa kwa kile anachokihitaji: kwamba mwakani bado kitafunguka.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyohakiki. Sijali tena kama kifaa ni chembamba kuliko cha mwaka jana. Nauliza kinamwongezea nani nafasi ya kukaa, na kama kitabaki kikifanya kazi siku mwenye kampuni atakapochoka. AI Pin ilishindwa swali la pili. Kijiwe chetu kimeshindwa la kwanza, na hilo halirekebishwi na kampuni yoyote ya California. Ni letu sisi tunaosogea, au tusiosogea, kwenye benchi.

Septemba ikija nitatazama tena. Ila safari hii nitatazama nyumbani, na kahawa ya mzee nitaibeba kwenye chupa ya chai. Dada kasema atakuja, mradi nisiweke sauti juu.