Fani na Maudhui katika Sanaa ya Vitu Vilivyookotwa Ufuoni

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuitazama kazi ya sanaa kwa pande mbili, fani na maudhui. Hata hivyo, kazi zinazotokana na magogo, mbao au plastiki iliyosukumwa ufuoni na mawimbi husifiwa kwa maudhui peke yake: husemwa kwamba zimesafisha pwani, na mjadala huishia hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fani ndiyo inayozitenganisha kazi mbili mashuhuri za Kenya.

Ya kwanza ni ile ya Ocean Sole. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church aliwaona watoto wa Kiwayu wakijiundia vichezeo kwa kandambili zilizoletwa na bahari. Kutokana na wazo hilo ilizaliwa karakana ambamo kandambili hugandishwa kwa gundi, kisha huchongwa tembo, twiga na kasa. Rangi zake zinapendeza; lakini umbo ni lile lile la vinyago vya kuuziwa watalii, ambalo lingeweza kuchongwa kwa mti wowote. Kitu kilichookotwa kimebaki malighafi tu.

Ya pili ni Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa Lamu na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda. Kilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 kikasafiri kilomita 500 hivi hadi Unguja. Mkuku, mataruma na mbao zake ni plastiki iliyoyeyushwa, takriban tani 10, na ubavu wake umevikwa kandambili zipatazo 30,000. Hapa umbo limetoka pwani pamoja na malighafi. Kiswahili chenyewe chatoa ushahidi: chombo huundwa, fundi wake huitwa mwunzi, na kutokana na kitenzi hicho hicho wahakiki wamepata neno muundo. Taka iliyoelea ovyo imepewa muundo wa kuelea kwa makusudi. Fani yenyewe inasema kile ambacho maudhui yalitaka kusema.

Dosari haikosekani. Vazi la kandambili huvutia kamera na kuyafunika maungio ya mbao, ambako ndiko uliko ustadi wa mwunzi. Mtazamaji huhesabu kandambili, asiulize plastiki, isiyo na nyuzi kama mti, ilikubalije kupindwa na kupigiliwa.

Suala hili haliko mbali na Ituri, iliyoonja vita. Huko Kinshasa, Freddy Tsimba huunganisha maganda ya risasi yakawa miili ya wanadamu: kilichoua mwili hurudi kikiwa mwili. Vivyo hivyo, msanii wa Bunia atakayeteremka hadi Kasenyi au Tchomia, kwenye ufuo wa Ziwa Albert, asianze kwa kuuliza ataondoa taka kiasi gani. Aulize ni umbo gani ambalo kitu alichokiokota, wala si kingine, kinaweza kulibeba.