Vidole Kabla ya Sindano

Daktari wa kifua niliyemtazama akimwekea bibi mmoja mrija wa kutoa maji kifuani hakuanza na sindano. Alianza na shikamoo. Kisha akaketi nyuma yake, akalaza kidole cha kati cha mkono wa kushoto mgongoni, akakigonga kwa kile cha kulia, akishuka ubavu hadi ubavu. Juu palitoa mlio wa hewa. Chini mlio ukafa. Hapo akatia alama ya kalamu. Ndipo akawasha ultrasaundi, nayo ikakubaliana naye.

Ugongaji wa kifua tumeurithi kwa Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni mjini Graz, Austria, aliyeuandikia kitabu mwaka 1761. Husimuliwa kwamba aliuokota kwa baba yake, aliyegonga mapipa ya mvinyo kujua yamejaa kiasi gani. Wenzake walimpuuza miaka mingi. Siku hizi anapuuzwa tena, ila kwa adabu: wanafunzi humtaja kwenye mtihani, kisha wodini macho yote kwenye kioo. Sina ugomvi na ultrasaundi. Imeepusha mapafu mengi kutobolewa. Ugomvi wangu ni na mikono iliyousahau mgongo wa mtu.

Maji yanayoletwa kifuani na saratani hurudi. Yakifyonzwa leo, baada ya muda mgonjwa anahema tena kwa hatua chache tu, anarudi kuchomwa. Mrija wa kudumu humpunguzia safari hizo, na uzuri wake uko kwenye njia ya chini ya ngozi. Kuuchomeka moja kwa moja kifuani kungekuwa kuyafungulia maambukizi mlango. Kwa hiyo daktari, ganzi ikishakolea, hupasua ngozi kidogo mahali pawili, akaupitisha mrija laini wa silikoni chini kwa chini toka tundu moja hadi jingine, kisha akauzamisha kifuani akipita juu ya ubavu. Chini ya ubavu huo mishipa ya damu na ya fahamu imejibanza. Mrija umevikwa pete ndogo ya nyuzi. Wiki zikipita, nyama humea ndani ya nyuzi hizo na kuushikilia, na mishono hutolewa. Mwili wenyewe humalizia kazi ya fundi. Sijui ufundi mwingine unaongoja hivyo.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 uliulinganisha mrija huu na unga wa talki unaogandisha utando wa pafu. Nafuu ya pumzi ilikaribiana, lakini wenye mrija walilazwa siku chache kuliko wenzao.

Hizo siku za nyumbani zinahitaji mtu wa kufundishwa. Daktari akamwita binti wa yule bibi: nawa mikono hivi, unga chupa ya kufyonzea kwenye valvu ya mrija hivi, usizidishe lita moja kwa mara moja, akianza kukohoa au kifua kumuuma, funga. Akamrudisha nyuma kila alipokosea. Wanafunzi waliokuwa wakitazama walikuwa wameshaondoka; waliona mrija umeingia wakadhani kazi imekwisha. Muuguzi aliyebaki ndiye aliyeuliza chupa zikiisha zitapatikana wapi na kwa bei gani, na daktari akatoa simu kumtafuta muuzaji.